Gobori Lisilale Chafu

Kila mwaka mambo ni yale yale. Mvua zikiisha mwezi wa Mei, nyasi za mbuga za Katanga huanza kukauka. Julai na Agosti mioto hupita, na nyuma yake ardhi hubaki nyeusi na wazi. Kisha majani mabichi huchipuka katikati ya majivu, na kabuluku na pongo hutoka vichakani kuja kuyala. Hapo ndipo baba wa nyumba mwenye kibali hushusha bunduki yake kutoka darini, huipangusa vumbi kwa kiganja, akaenda zake porini.

Namna ya kufuata nyayo na kupima upepo mnaijua ninyi wenyewe, na wazee wenu waliijua kabla yenu. Sisi leo twataka kusema juu ya saa moja tu, ile saa ya jioni mwindaji anaporudi nyumbani, miguu imechoka, nyama imekabidhiwa wanawake, na bunduki imeegemezwa ukutani. Watu wengi hupenda kusimulia jinsi mnyama alivyoanguka. Hakuna asimuliaye jinsi alivyoosha bunduki yake. Na kwa mwenye gobori, saa hiyo ya kuosha ndiyo inayoamua kama mwakani atakuwa bado na vidole vitano katika mkono wake wa kushoto, na macho mawili. Hatusemi hivyo ili kuwatisha. Gobori likipasuka, hupasuka nyuma karibu na shavu la mpigaji, au katikati pale mkono wa kushoto unapolishika. Na tukiuliza sababu, mara nyingi twaikuta katika uchafu, au katika kutu iliyozaliwa na uchafu, au katika kushindilia mara mbili kwa sababu ya uchafu.

Gobori lilivyotufikia

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Baruti hutangulia, kisha kizibo cha kitambaa au nyuzi, kisha risasi au marisaa, kisha kizibo kingine, na vyote husukumwa chini kwa mdeki. Katika karatasi za Serikali yetu huitwa bunduki ya pistoni. Huku Katanga wengi husema pupu. Nyuma ya mtutu hutokeza kifa, yaani kile kichuchu cha chuma chenye tundu jembamba, nacho huvikwa fataki. Nyundo ikiigonga fataki, moto hupita tunduni na kuiwasha baruti.

Namna hii ya kuwasha kwa kugonga ilibuniwa na mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander John Forsyth, aliyependa sana kuwinda ndege. Bunduki za siku zake zilikuwa za gumegume. Ndege waliona mmweko wa moto kabla risasi haijatoka, nao wakaruka. Yeye akatafuta dawa inayolipuka ikigongwa, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807. Kofia ndogo za shaba, tunazoziita fataki, zilifuata baadaye.

Katika nchi yetu magobori yaliingia kwa njia mbili, kutoka pwani ya Mashariki pamoja na misafara ya pembe, na kutoka pwani ya Magharibi kupitia Angola. Msiri, mfalme wa Wayeke pale Bunkeya, aliuza shaba na pembe akanunua bunduki na baruti, na kwa nguvu hiyo alitawala Garenganze mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara mkubwa wa Unguja aliyetawala pande za Maniema, alisimulia kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki za watu wake. Tena Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za namna mpya, zenye mifereji ndani ya mtutu, katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 za kaskazini hata digrii 22 za kusini. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa ni gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Na chini ya utawala wa Wabelgiji, mwananchi aliyepata kibali alipata kwa kawaida cha bunduki ya pistoni. Ndiyo sababu silaha ambayo Ulaya iliiweka kando miaka zaidi ya mia iliyopita, huku kwetu bado huleta mboga jioni.

Mengi ya magobori hayo ya zamani yalitoka Liège, mji wa mafundi wa bunduki katika Ubelgiji. Mji huo una nyumba ya kujaribia mitutu tangu mwaka 1672. Mtutu hupigwa mle kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Ukistahimili, hutiwa chapa. Kama mna bunduki ya babu, tazameni nyuma ya mtutu, pengine chini, palipofichwa na mbao. Mkiona herufi ELG ndani ya umbo kama yai, mjue mtutu huo ulijaribiwa hapo. Chapa hiyo yasema habari ya siku ile tu. Haisemi kutu imekula nini tangu siku ile.

Lakini siku hizi magobori mengi yana mtutu wa bomba la maji, au bomba lililotolewa katika usukani wa gari bovu. Mafundi wetu wana mikono ya ajabu, na kazi yao ya mbao na ya nyundo yaweza kupendeza macho. Hata hivyo bomba la maji lilitengenezwa kwa ajili ya maji. Mara nyingi lina mshono wa kuunganishwa kwa moto tangu mwanzo hata mwisho, na hakuna aliyelijaribu. Hatuwezi kuwaambia namna ya kulitunza bomba hilo lipate kuwa salama, kwa maana kuliosha hakuligeuzi kuwa mtutu.

Adui ni chumvi

Labda mtauliza: kwa nini gobori lataka kuoshwa siku ile ile, na bunduki ya kartushi yaweza kungoja? Jibu limo ndani ya baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiwaka haiishi yote kuwa moshi. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama masizi na chumvi za namna namna. Nyingine hurushwa nje pamoja na moshi, nyingine huganda ndani ya mtutu. Chumvi hizo hupenda maji. Huyavuta kutoka hewani, kama vile chumvi ya jikoni inavyolowa yenyewe wakati wa masika. Basi ndani ya mtutu huwa na tope la chumvi lililolala juu ya chuma kitupu, na kutu yaweza kuanza usiku ule ule. Tena ziko fataki, hasa za zamani na zile za kutengenezwa kienyeji, ambazo zikilipuka huacha chumvi ya aina yake katika kifa na nyuma ya mtutu, mahali pale pale ambapo nguvu ya baruti ni kubwa kupita kote.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanajua kwamba mafuta huzuia kutu. Basi wakirudi hupitisha kitambaa chenye mafuta, mtutu ukang'aa, wakalala na moyo mweupe. Wengine hutumia petroli ya taa kwa kuwa huondoa weusi upesi. Lakini chumvi haiyeyuki katika mafuta, wala katika petroli. Mafuta hupita juu yake na kuifunika, nayo huendelea kula chuma chini kwa chini. Kitu kinachoyeyusha chumvi ni maji. Twajua ni vigumu kuamini kwamba mtu amwage maji ndani ya chuma ili chuma kisipate kutu, na mzee mmoja akisikia hivyo atacheka. Aulizwe yeye: sufuria iliyochomwa na mchuzi wa chumvi huoshwa kwa mafuta?

Kazi ya jioni

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba bunduki ni tupu. Toeni fataki katika kifa. Kisha teremsheni mdeki polepole ndani ya mtutu, mdomo wa bunduki ukielekea mbali na watu na mbali na uso wenu. Kila mwenye gobori angepaswa kuwa na alama mbili katika mdeki wake, zilizochongwa kwa kisu siku ya kwanza. Moja huonyesha mdeki unapofika mtutu ukiwa mtupu, ya pili unapofika mtutu ukiwa umeshindiliwa kiasi cha kawaida. Alama hizi hazigharimu kitu, na hazidanganyi kama kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Msidhani kusahau ni jambo la wajinga. Baada ya mapigano ya Gettysburg, katika vita vya Wamarekani wao kwa wao mwaka 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 zilizoachwa uwanjani, nyingi zikiwa za kushindiliwa kwa mdomo. Walipozichunguza, walikuta maelfu zimeshindiliwa mara mbili, nyingine mara tatu na zaidi. Askari alivuta, fataki haikuwasha, naye katika makelele hakutambua, akashindilia tena juu ya ile ya kwanza. Watu hao walifundishwa kazi hiyo kila siku. Mwindaji aliye peke yake, moyo ukimdunda kwa sababu ya ngiri aliyekimbia, hana tofauti kubwa nao.

Mkishajua ni tupu, chemsheni maji, lita mbili au tatu. Kama mtutu waweza kutolewa katika mti wake, utoeni. Kazi itakuwa rahisi na mbao hazitalowa. Simamisheni nyuma ya mtutu ndani ya ndoo yenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, fungeni kitambaa cha pamba katika ncha ya mdeki, mkisukume juu na chini. Mtaona jambo la kupendeza. Kitambaa kikipanda, maji hufyonzwa kupitia tundu la kifa. Kikishuka, hurushwa nje kwa nguvu, kama vile katika pampu ya baiskeli. Maji huwa meusi mara moja, tena yananuka kama mayai yaliyooza. Msichukizwe na harufu hiyo, maana ni kiberiti cha baruti kinachotoka. Mwageni, mtie maji mengine, mrudie mpaka yatoke meupe.

Kama mtutu haufunguki, na katika magobori mengi haufunguki, zibeni kifa kwa kijiti laini, mimineni maji mdomoni kwa uangalifu, tikiseni, mwageni, kisha kitambaa, kisha maji tena. Shikeni bunduki mdomo ukiinama wakati wa kumwaga, ili maji machafu yasishuke katika mtambo. Maji yaliyoingia chini ya mtambo hukaa siku nyingi, nayo huozesha mbao na kulegeza parafujo.

Mwisho suuzeni kwa maji yale ya moto. Funikeni mkono kwa kitambaa kinene, kwa maana chuma kitawaka. Joto hilo lina kazi yake: maji hukauka upesi katika chuma chenye moto, hata katika pembe ambazo kitambaa hakifiki. Msiache mtutu ukauke wenyewe taratibu. Pitisheni vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho kitoke jinsi kilivyoingia. Kisha, chuma kikiwa bado na uvuguvugu, pitisheni kitambaa chenye mafuta kidogo.

Mafuta gani? Mafuta ya cherehani ni mazuri, tena hupatikana sokoni katika vichupa vidogo. Mawese hutumiwa na wengi. Kwa siku mbili tatu hukinga chuma, lakini yakikaa hugeuka kuwa machungu, huganda, hukusanya vumbi na kuziba kifa. Mafuta yoyote yaliyotiwa chumvi msiyaguse. Mafuta meusi yaliyotolewa katika injini ya gari nayo ni takataka iliyojaa vitu vya kula chuma, ingawa kwa macho yaonekana mazito na mema.

Kifa chataka uangalifu wa peke yake. Kifungueni kwa ufunguo wake kama kinafungulika, mkizibue kwa sindano au waya mwembamba, mkikaushe, mkitie mafuta kidogo katika mizunguko yake kabla ya kukirudisha. Kifa kilichopanuka tundu kwa uzee ni cha kutupwa, kwa sababu moto wa baruti hurudi nyuma kupitia hapo na vipande vya fataki huruka kuelekea macho. Nyundo nayo ichunguzwe. Bunduki ikiwa tupu, ivuteni hadi pale pa kupumzikia, katikati ya njia, kisha bonyezeni kifyatulio kwa nguvu. Isianguke. Ikianguka, bunduki hiyo haina usalama wowote wa kubebwa njiani, na fundi aione kabla haijarudi porini.

Asubuhi yake pitisheni kitambaa kikavu mara moja tena. Kikitoka na rangi ya kahawia, chumvi ilibaki. Rudieni kuosha. Wengi huacha hatua hii kwa kuwa wanadhani kazi ya jana yatosha, na ni hii inayowaonyesha kama kweli ilitosha.

Mkiwa porini

Wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na uchafu wa baruti huwa mgumu kama ganda. Baada ya milio mitatu au minne, mtutu huwa mwembamba ndani, na risasi inayoshuka kwa shida hukwama katikati. Mwindaji huona mdeki umesimama, hudhani risasi imefika. Kati ya baruti na risasi hubaki nafasi wazi. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote: moto wa baruti ukikutana na risasi iliyokwama, mtutu huweza kuvimba au kupasuka mahali hapo. Chukueni mfukoni vitambaa vichache na kichupa cha maji. Kila baada ya milio miwili au mitatu, pitisheni kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Na tazameni alama ya mdeki kila mara.

Msishindilie mara tu baada ya kupiga. Kipande cha kizibo au cha uchafu chaweza kubaki kikiwaka kama kaa ndani, na baruti mpya ikikiangukia hulipuka mkononi. Ngojeni kidogo. Mimineni baruti kutoka katika kipimo kidogo, kamwe si kutoka katika pembe yenyewe, ili moto ukitokea usile akiba yote iliyo mbele ya kifua chenu. Mdeki ushikwe kwa vidole. Kiganja kisiwekwe juu yake, wala uso usiinamie mdomo wa bunduki.

Fataki ikilia na bunduki isilie, shikeni hivyo hivyo, mdomo ukielekea mahali pasipo mtu, muda wa dakika nzima. Baruti yenye unyevu huweza kuchelewa. Kisha vikeni fataki nyingine. Ikikataa tena, msiongeze baruti juu. Kushindilia upya juu ya shehena isiyotoka ndiko kulikowaponza askari wale wa Gettysburg.

Neno moja juu ya baruti, nalo tungependa lisomwe kwa sauti mbele ya vijana. Gobori hula baruti nyeusi peke yake. Wako wanaofungua kartushi za kalibre 12, wakatoa ile baruti ya kisasa isiyo na moshi, wakaitia katika gobori kwa kipimo kile kile cha baruti nyeusi. Nguvu yake ni nyingine kabisa, na mtutu wa gobori haukufanywa kwa ajili yake. Vivyo hivyo wale wanaokwangua vichwa vya viberiti kujitengenezea fataki hucheza na dawa inayowaka kwa msuguo tu, nayo haichagui mahali pa kuwakia.

Tena angalieni nyasi. Kizibo cha nyuzi kavu hutoka mtutuni kikiwaka, kikaanguka mbele hatua nyingi. Mwezi wa Agosti hicho kimoja chatosha kuteketeza shamba la mihogo la jirani. Mwindaji mwema, akishapiga, huenda kwanza kutazama moshi unatoka wapi, ndipo amfuate mnyama.

Nyumbani

Gobori lisiingie nyumbani likiwa limeshindiliwa. Tunajua kisingizio: baruti ni ghali, kesho tutatoka tena, kwa nini kuipoteza? Lakini bunduki iliyoshindiliwa darini hungoja mtoto. Kama hamkupata mnyama, pigeni katika udongo laini kabla ya kufika kijijini, mahali penye usalama, kisha mwoshe kama kawaida. Kama haikukubali kuwaka, ondoeni fataki, mwageni maji ndani ya mtutu mpaka baruti ilowe, na kizibo na risasi vivutwe kwa kile chuma chenye ncha ya kuzunguka kama kizibuo cha chupa, kinachofungwa katika mdeki. Mkumbuke kwamba baruti iliyolowa ikikauka huwaka tena. Basi msiache kazi katikati. Fataki na baruti zikae mbali na bunduki, zimefungiwa, mbali na jiko.

Mama wa nyumba asione kwamba habari hizi hazimhusu. Bunduki hulala katika chumba chake, watoto ni wake, na mkono wa mumewe ukikatika ni yeye atakayelima peke yake. Ana haki ya kuuliza kila jioni: ni tupu? umeiosha? Mume mwenye akili hatakasirika. Tena kuna jambo linalomhusu zaidi, nalo ni madini ya risasi yenyewe. Wengi huyayeyusha jikoni, katika sufuria ya chakula, watoto wakitazama. Madini hayo ni sumu. Hudhuru ubongo wa mtoto na mimba ya mama, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Yayeyushwe nje, penye upepo, katika chombo kisichorudi jikoni kamwe, mbali na watoto na wanawake wenye mimba, na mikono ioshwe kwa sabuni. Tone la maji likiingia katika risasi iliyoyeyuka hurusha yote juu usoni. Na mnyama akichunwa, nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa ukarimu ikatupwe, kwa kuwa vipande vya risasi husambaa mbali kuliko jicho linavyoona.

Sheria twaigusa kwa kifupi, maana kila mwindaji ana wajibu wa kuijua mwenyewe. Sheria ya uwindaji nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 yataka kibali cha kuwinda; silaha nayo ina kibali chake mbali. Siku za kufungua na kufunga uwindaji hutangazwa na Serikali. Ulizeni katika teritwari yenu kabla ya kutoka. Okapi, gorila na sokwe hawawindwi wakati wowote, na ndani ya mbuga za taifa kama Upemba na Kundelungu hawindwi mnyama yeyote. Nao walio katika Kivu na Ituri wanajua kuliko sisi kwamba mtu mwenye bunduki porini huweza kudhaniwa mpiganaji, na kwamba kwa miaka mingi sasa pako mahali ambapo busara ni kuiacha nyumbani.

Mvua zikianza

Mvua za kwanza zinapokuja, gobori huoshwa mara ya mwisho kwa bidii kuliko siku zote, kwa kuwa litakaa miezi mingi katika hewa yenye unyevu. Hapo tazameni pia kama mtutu ungali mzima. Zibeni kifa, jazeni maji, mpanguse nje pakauke, mngoje kidogo. Maji yakitokeza kama jasho pale nyuma, penye mizunguko ya kizibo cha mtutu, au mahali popote katika chuma, bunduki hiyo imekwisha. Ni uchungu kusikia hivyo juu ya kitu cha babu. Itundikwe ukutani kama ukumbusho, kifa kikiwa kimeondolewa ili kijana yeyote asije kuijaribu.

Ile iliyo nzima ipakwe mafuta ndani na nje, mbao zake nazo zisuguliwe kwa mafuta ya kitani kama mnayo, na iwekwe mdomo chini, juu ya kipande cha mbao kikavu. Ikisimama mdomo juu, mafuta yote hushuka nyuma, yakaziba kifa na kulainisha mbao za mtambo. Isifungwe katika kitambaa cha sufu wala mfuko wa plastiki, maana vyote hushika unyevu. Mchwa hupenda kitako, na nyigu hupenda mtutu: huingia humo na kujenga nyumba ya udongo mgumu, na mtu asiyetazama hupiga bunduki iliyozibwa kama chupa. Mara moja kila mwezi ishusheni, mpitishe mdeki na kitambaa, mwongeze mafuta.

Na uwindaji ukifunguliwa tena, kabla ya kushindilia mara ya kwanza, toeni mafuta yote kwa vitambaa vikavu. Kisha, bunduki ikiwa tupu, vikeni fataki peke yake, elekezeni mdomo karibu na jani moja la nyasi, mpige. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, rudieni kuzibua kifa na kuosha, na kabuluku wangoje mpaka kesho.